Hesabu ya Kilo Iliyoliwa: Utangulizi wa Uchumi wa Vyombo vya Jikoni

Uchumi wa kaya ni tawi la elimu linalochunguza jinsi watu wa nyumba moja wanavyogawa fedha, muda na nguvu zao ili wale, walale na waishi. Somo hili linaanzia jikoni na sokoni. Mwanafunzi wake anahitaji kujua kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, halafu awe na uvumilivu wa kuandika yale matumizi madogo madogo ambayo wengi wetu huyaacha yapite. Nimeamua kuwaingiza wasomaji kwa mlango wa chombo kimoja tu: mashine ya nyumbani ya kufungia chakula bila hewa, ambayo kwa kifupi nitaiita mashine ya vakyumu. Ni ndogo, bei yake si ya kutisha, na karibu kila anayeinunua anaamini itamwokolea fedha. Imani hiyo inapimika, na katika kuipima tutakutana na karibu mambo yote makuu ya taaluma hii.

Tuanze na kazi yenyewe. Vipande vya nguru vimepangwa ndani ya mfuko ambao upande wake mmoja una vimistari vilivyoinuka. Mdomo wa mfuko unalazwa ndani ya mfereji mwembamba wa mashine, mfuniko unabanwa, pampu inanguruma, na plastiki inajikunja juu ya samaki mpaka unaiona michirizi ya minofu. Kisha ukanda mwembamba wa chuma unapata moto, unayeyusha tabaka la ndani la mfuko na kuliziba. Dakika haijaisha. Lakini kama samaki alikuwa na majimaji, maji yanavutwa pamoja na hewa, yanafika pale pa kuzibia, na plastiki inashikana nusu nusu; kesho yake ukifungua friza unakuta mfuko umelegea na hewa imerudi. Mwiba mmoja wa mgongoni unatosha kuutoboa. Wazoefu huwagandisha samaki kwanza kwa saa moja au mbili ndipo wawafunge, na kila mfuko huukata mrefu kuliko chakula, kwa kuwa mashine inahitaji sentimita kadhaa za kushika. Hizo sentimita ni plastiki uliyoinunua ili uitupe. Mfuko ulioharibika, kipande kilichokatwa, na muda wa kurudia kazi, vyote ni gharama, na hakuna hata kimoja kilichoandikwa kwenye risiti ya dukani.

Faida ya kuondoa hewa inatokana na mambo mawili. Hewa tunayovuta ina oksijeni takriban asilimia 21, na oksijeni ndiyo inayoyachachisha mafuta ya nyama na samaki hata yakiwa kwenye baridi kali. La pili ni ukavu: ndani ya friza barafu iliyomo kwenye nyama hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji, nyama inapauka, inakuwa na mabaka makavu, na ukiipika inatafunika kama kamba. Mfuko unaobana kabisa huyazuia yote mawili. Ndiyo maana samaki wenye mafuta mengi kama kibua, ambao kwa kufungwa kwa kawaida hupoteza ladha nzuri ndani ya miezi miwili au mitatu, hufaidika zaidi kuliko samaki wasio na mafuta, ambao hustahimili miezi sita hadi minane. Hata hivyo, kinachozuia kuoza ni friza. Kwenye nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri bakteria hawazaliani, mfuko uwe na hewa au usiwe nayo. Mashine inalinda ladha na umbile. Uhai wa chakula umeshalindwa na baridi.

Hapa pana swali ambalo ningependa kila mwanafunzi wangu alikariri: ukilinganisha na nini? Matangazo ya biashara hupenda kuilinganisha mashine ya vakyumu na nyama iliyotupwa wazi ndani ya friza. Mwenye nyumba makini halinganishi hivyo. Anailinganisha na njia bora aliyokuwa nayo tayari, yaani kuuweka mnofu kwenye mfuko wa kawaida wa friza, kuuzamisha ndani ya beseni la maji ukiwa wazi kidogo mdomoni, kuyaacha maji yaisukume hewa itoke, halafu kuufunga. Njia hiyo haigharimu chochote isipokuwa mfuko. Faida ya mashine ni ile ziada inayoongezwa juu ya beseni la maji, na mara nyingi ziada hiyo ni ndogo kuliko tunavyodhani.

Sasa tufanye hesabu, kwa bei za mfano ambazo msomaji atazibadilisha kulingana na soko lake. Tuseme mashine imenunuliwa kwa shilingi 200,000 na itadumu miaka mitano. Nyumba inafunga mifuko 100 kwa mwaka, kila mmoja kilo moja, na kila mfuko unagharimu shilingi 800. Gawanya bei ya mashine kwa miaka mitano, unapata shilingi 40,000 kwa mwaka, yaani 400 kwa kila mfuko. Ongeza 800 za mfuko wenyewe, jumla ni shilingi 1,200 kwa kila kilo. Kama kilo ya samaki ni shilingi 15,000, gharama hiyo ni asilimia 8 ya thamani yake. Maana yake ni kwamba mashine inajilipa iwapo tu, bila hiyo, nyumba ingekuwa inatupa zaidi ya kilo 8 katika kila 100. Nyumba inayofunga mifuko 20 tu kwa mwaka inabeba shilingi 2,000 za mashine kwa kila mfuko, jumla 2,800, na hapo lazima ingekuwa inatupa karibu kilo moja katika kila tano ndipo ipate faida. Nyumba ya namna hiyo ina tatizo jingine la ununuzi, nayo mashine haiwezi kulitibu. Na anayefunga maharage ya shilingi 3,000 kwa kilo analipa asilimia 40 ya thamani ya chakula ili kulinda kitu kinachokaa vizuri ndani ya ndoo kavu yenye mfuniko.

Tazama namba zilivyojipanga. Katika miaka mitano mashine imekula shilingi 200,000, na mifuko imekula 400,000. Anayekwenda dukani akabishania punguzo la shilingi 10,000 kwenye mashine, halafu asiulize bei ya mifuko, amebishania sehemu ndogo ya gharama yake. Mashine nyingi za nyumbani, ambazo mfuko hukaa nje ya mashine, zinataka mifuko ile ya vimistari, na mifuko hiyo ni ghali kuliko ile laini. Mashine zenye kisanduku, ambazo mfuko mzima huwekwa ndani, hutumia mifuko laini ya bei nafuu, lakini bei yake huwa mara kadhaa ya hizi ndogo. Hizo ni za mwenye bucha, mgahawa au genge la samaki. Watu husema kwamba biashara ya kuuza chombo rahisi na kuchuma kwenye vitumizi vyake ilianzishwa na King Camp Gillette, mwuza nyembe wa Marekani. Randal Picker, mwalimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliichunguza historia hiyo akaonyesha kwamba mambo yalikuwa tofauti: kwa miaka yote ambayo hataza zilimlinda, Gillette aliuza seti yake kwa dola 5, bei kubwa kwa wakati ule, na mashine za bei rahisi zilikuja pale hataza zilipokwisha mwaka 1921. Ninalitaja hili kwa sababu linamfundisha mnunuzi kuuliza nani mwingine anatengeneza mifuko inayoingia kwenye mashine yake. Wakiwa wengi, bei ya vitumizi itashuka. Akiwa mmoja, mnunuzi amefungiwa mlango.

Umeme wa mashine yenyewe ni kama haupo. Mashine ya wati 120 ikifanya kazi dakika moja kwa kila mfuko, yuniti moja ya umeme wa LUKU inafunga mifuko 500. Friza ndiyo yenye kula: ikitumia yuniti 0.8 kwa siku, mwaka unapita na yuniti 290 na ushee. Je, gharama hiyo tuiandike kwenye daftari la mashine? Kama friza ilikuwapo na ina nafasi, hapana. Kama mashine imekutia hamu ya kununua mbuzi mzima na sasa unatafuta friza ya pili, basi friza hiyo, umeme wake na fundi wake vyote ni gharama ya mashine. Liko pia jambo linalowahusu wanaotumiwa zawadi na ndugu walioko Marekani. Mashine za huko zimetengenezwa kwa volti 120, na umeme wetu ni wa volti 230. Ukiichomeka moja kwa moja imekwisha, na transfoma ya kuiwezesha nayo inaingia kwenye hesabu.

Mpaka hapa tumehesabu kana kwamba shilingi ya leo na shilingi ya miaka mitano ijayo ni sawa. Hazifanani. Tuseme mashine inaokoa samaki wa shilingi 140,000 kwa mwaka, yaani kilo tisa na kidogo. Toa 80,000 za mifuko, inabaki akiba ya 60,000. Miaka mitano ni 300,000, na mashine ilinunuliwa kwa 200,000. Inaonekana ni faida tupu. Lakini fedha ya mashine inatoka leo, na akiba inaingia kidogo kidogo. Kwa mtu ambaye fedha inamgharimu asilimia 10 kwa mwaka, akiba yote ile kwa thamani ya leo ni takriban shilingi 227,000, na anabaki na faida. Kwa anayekopa kwa asilimia 20, thamani ya leo ni kama 179,000, na amepata hasara. Mashine ni ileile, samaki ni walewale, na jibu ni tofauti. Mwaka 1979 mchumi Jerry Hausman alichapisha uchunguzi wake kuhusu Wamarekani waliokuwa wakinunua viyoyozi, akaona kwamba walizipima akiba za baadaye kwa kiwango cha takriban asilimia 20, na kwamba kadiri kipato kilivyokuwa kidogo ndivyo kiwango hicho kilivyopanda. Wako waliousoma utafiti huo wakasema maskini hawana subira. Mimi nauona kama ushahidi kwamba maskini wanauziwa fedha kwa bei ghali kuliko matajiri. Mama anayenunua dagaa kwa kipimo kila jioni anajua vizuri kwamba gunia ni nafuu. Anachokosa ni fedha ya gunia. Kumshauri anunue mashine ya kuhifadhi chakula cha jumla, kabla ya kuuliza fedha ya kununulia jumla itatoka wapi, ni kumkosea.

Wanawake wasomi ndio waliolijenga somo hili, na ni haki msomaji awajue. Ellen Swallow Richards alikuwa mwanamke wa kwanza kuhitimu katika chuo cha MIT, mwaka 1873, akiwa mkemia. Alipima maji, alipima vyakula vilivyochanganywa na uchafu madukani, na mwaka 1899 alichapisha kitabu kuhusu gharama za maisha. Alipigania nyumba isomwe kwa umakini uleule wa maabara, na mwaka 1908 akawa rais wa kwanza wa chama cha wataalamu wa sayansi kimu wa Marekani. Margaret Reid, mzaliwa wa Kanada, aliandika mwaka 1934 kitabu kilichouita uzalishaji wa kaya kwa jina lake, akatoa kipimo ambacho hadi leo hatujapata kilicho bora: kazi yoyote ya nyumbani ambayo ungeweza kumlipa mtu mwingine akufanyie ni uzalishaji, hata kama hakuna aliyelipwa. Kusafisha samaki, kuwakata, kuwafunga na kuandika tarehe kwenye mfuko ni uzalishaji. Gary Becker alipoandika makala yake ya mwaka 1965 kuhusu mgawanyo wa muda, na baadaye kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1992, alikuwa anatembea katika njia iliyokwisha kufyekwa na Reid na wenzake.

Kipimo cha Reid kinabadilisha daftari letu. Mifuko 100 kwa mwaka, dakika tatu kwa kila mmoja pamoja na kufuta mezani, ni saa tano. Ni saa za nani? Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam ni za mama au za dada wa kazi, na kwa sababu hazina risiti zinaandikwa sifuri. Ruth Schwartz Cowan, mwanahistoria wa teknolojia, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1983 kwamba mashine za nyumbani ziliondoa kazi za sulubu lakini hazikupunguza saa za mama wa nyumbani wa Kimarekani, kwa kuwa kiwango cha usafi na mapishi kilipanda pamoja nazo, na kazi za baba na watoto ndizo zilizopungua zaidi. Nawasihi wanafunzi wamsome mapema. Mashine ya vakyumu ina tabia hiyohiyo: inarahisisha kuhifadhi, basi nyumba inanunua zaidi, friza inajaa, na vilivyo chini kabisa vinasahaulika vikiwa vimefungwa vizuri. Chakula kilichofungwa bila hewa na kutupwa baada ya mwaka kimegharimu zaidi ya kile kilichotupwa mapema. Ndiyo sababu kipimo cha kitabu hiki ni kilo iliyoliwa. Kilo iliyofungwa haitoshi.

Kuna gharama moja ambayo siwezi kuipitia haraka, kwa sababu inaua. Bakteria aitwaye Clostridium botulinum hustawi pasipo oksijeni na hutoa sumu inayopooza mishipa ya fahamu. Aina yake inayopatikana kwa samaki huweza kukua hata kwenye nyuzi 3 za Selsiasi, yaani ndani ya friji ya kawaida, na chakula kinaweza kuwa na sumu bila kubadilika harufu. Mwaka 1963 samaki wa kukaushwa kwa moshi kutoka Great Lakes nchini Marekani, waliofungwa bila hewa na kusafirishwa bila baridi ya kutosha, waliua watu. Hewa iliyoondolewa ilikuwa pia inawazuia bakteria hao, na iliruhusu wale wengine wanaonuka wamwonye mlaji. Kwa hiyo samaki wa vakyumu hukaa kwenye friza. Akitolewa kuyeyuka, mfuko hufunguliwa kwanza, na kuyeyuka kwenyewe kufanyike ndani ya friji. Asiyeweza kulifuata hili kila siku asinunue mashine, hata akipewa bure.

Kwa kuwa umeme wetu hukatika, hatari hii inaungana na nyingine. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa huhifadhi ubaridi kwa takriban saa 48; iliyojaa nusu, kama saa 24. Baada ya hapo mfuko usio na hewa hauwi kinga, na kwa sababu niliyoitaja unaweza kuwa hatari zaidi. Kilo 30 za samaki kwa bei yetu ya mfano ni shilingi 450,000. Kukatika kwa umeme kwa muda mrefu mara moja tu katika miaka mitano kunaimaliza akiba yote na kuzidi. Kwa anayeishi mahali ambapo mgao unajulikana kwa miezi yake, ningemshauri aweke kidogo kidogo au aendelee na moshi, chumvi na jua, njia ambazo pwani yetu imezitumia kwa karne nyingi.

Tukitoka kwenye samaki, nafaka ina jibu lake, na ni jibu la kufurahisha. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani wakiongozwa na Larry Murdock walifanya kazi na wakulima wa kunde wa Kamerun, wakapata mfuko wenye matabaka matatu: mawili ya plastiki nzito ndani na kiroba nje. Ukijaza nafaka iliyokauka vizuri na kuufunga, wadudu wenyewe wanaimaliza oksijeni iliyomo na kufa. Mfuko huo, unaojulikana kwa jina la PICS, sasa unauzwa Tanzania na Kenya, na unawadhibiti hata dumuzi, wadudu waliowaharibia wakulima wa Tabora mahindi tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuitwa Scania kwa nguvu zao za kuangamiza. Tuseme mfuko ni shilingi 5,000, unabeba kilo 100 na unatumika misimu miwili: ni shilingi 25 kwa kilo. Hauna pampu wala waya. Kanuni ni ileile ya kuondoa oksijeni, na gharama yake ni sehemu ndogo sana ya ile 1,200.

Tukirudi kwenye mifuko ya vakyumu, plastiki yake imetengenezwa kwa kuunganisha nailoni na polithini, na kwa kuwa matabaka hayo hayatenganishiki kirahisi, ni vigumu kuirejeleza. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019, lakini marufuku hayo hayakuondoa plastiki yote ya kufungia chakula. Mfuko wa samaki unaochomwa nyuma ya nyumba ni gharama inayolipwa na mapafu ya jirani, nayo ina sura yake humu.

Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula kwenye nyumba, migahawa na maduka, pamoja na maganda na mifupa, na asilimia 60 ilitoka majumbani. Hatuwezi kujua mashine inaokoa nini kabla ya kujua nyumba yetu inatupa nini. Kwa hiyo sura ya kwanza haina mashine. Inahitaji mizani ya jikoni, daftari na ndoo: kwa mwezi mmoja, kila kinachotupwa kipimwe, kiandikwe jina lake, bei yake, na sababu ya kutupwa, kama ni kuoza, kukaushwa na friza, kuungua au kupikwa kingi. Sababu ya pili kati ya hizo ndiyo peke yake inayotibiwa moja kwa moja na mashine ya vakyumu. Jedwali la kujazia liko mwanzoni mwa sura hiyo.